Utafiti haujaisha mpaka urudi mwaloni

Kila shule ya msingi huku kwetu ina kitabu cha wageni. Hukaa mezani kwa mwalimu mkuu, na kila anayeingia ofisini hutakiwa kujaza tarehe, jina, atokako, sababu ya kufika na sahihi. Katika shule zilizo kando ya Ziwa Victoria, hapa Mwanza, kuanzia Kayenze na Igombe mpaka visiwa vya Ukerewe, kuna neno moja linalojirudia kwenye safu ya sababu: utafiti. Ukifungua kurasa za nyuma unalikuta tena, wino mwingine, chuo kingine. Ninachokitafuta mimi, kila ninapopewa kalamu nisaini, ni mstari ambao mtu ameandika "kuleta majibu". Ni nadra kuukuta.

Watu wa mwambao huu wamehojiwa sana. Wameulizwa kuhusu kichocho, UKIMWI na nyavu haramu. Upande wa elimu wameulizwa kuhusu utoro, mimba za wanafunzi, viboko, chakula cha mchana, na kwa nini mtoto amefika darasa la tatu hajui kusoma. Wamejibu kwa uvumilivu ambao sijui kama sisi tunaouliza tungekuwa nao. Mwalimu mkuu mmoja wa Ukerewe aliwahi kuniambia, wala hakuwa na hasira: "Mwalimu, mnakuja, mnauliza, mnaandika, mnaondoka. Sisi tunabaki na hawa hawa watoto."

Nilifundisha shule ya msingi kwa miaka kadhaa kabla ya kurudi chuoni kusoma uzamili wa elimu. Sasa kazi yangu iko katikati: nawasaidia wanafunzi wa chuo wanaokwenda shuleni kukusanya takwimu, na nakaa na kamati za shule na vikundi vya wazazi wanaodai shule zao ziwe bora. Nikiwa chuoni nasikia uanaharakati ukitajwa kama kitu kinachochafua utafiti. Nikiwa kwa wanaharakati nasikia utafiti ukitajwa kama kitu cha watu wenye nafasi. Siamini hata moja kati ya hayo. Ninachoamini ni kwamba kurudisha matokeo kwa waliohojiwa, kwa lugha yao, kabla tasnifu haijafungwa, ni sehemu ya utafiti wenyewe sawa na kuchagua sampuli. Wanaosoma matokeo yao wenyewe huyasahihisha, na wakishayasahihisha huyafanyia kazi.

Tazama njia ambayo utafiti hupita. Chuo kinaandika barua. Barua inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani, inafika kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kwa afisa elimu, kwa mtendaji wa kata, na kila meza ina mhuri wake. Mwisho inafika kwa mwalimu mkuu, ambaye kwa hatua hiyo hana namna ya kukataa. Baada ya hapo maneno ya wazazi na walimu yanapanda njia nyingine kabisa: yanatafsiriwa kwa Kiingereza, yanapangwa kwenye majedwali, yanafungwa kwa jalada gumu, yanawekwa kwenye rafu ya maktaba. Nakala moja hupelekwa kwa waliotoa kibali, nayo huingia kabatini. Mzazi wa kisiwa cha Ukara aliyehojiwa, ambaye nyumbani anaongea Kikara na sokoni Kiswahili, hata akipewa tasnifu hiyo mkononi hawezi kuona humo alichosema yeye.

Nitasimulia tukio moja kwa kirefu, kwa sababu ndani yake kila ninachotaka kusema kimo.

Shule moja ya kisiwani, karibu na mwalo mkubwa wa dagaa, yaani ufuko ambao mitumbwi ya wavuvi hutia nanga, ilikuwa na utoro uliowasumbua wote. Mwanafunzi wa uzamili niliyekuwa nikifanya naye kazi alichukua madaftari ya mahudhurio ya madarasa ya juu, akahesabu mwezi kwa mwezi, muhula kwa muhula, wavulana mbali na wasichana mbali. Akagawa dodoso kwa walimu, akafanya mahojiano na wazazi. Takwimu zenyewe zilikuwa sahihi. Rasimu ikataja sababu ambazo msomaji yeyote wa tasnifu za elimu nchini amezizoea: umaskini, msimu wa kilimo, umbali, na ile sentensi ambayo nimeisoma mara nyingi mno, kwamba wazazi wana mwamko mdogo wa elimu.

Kabla rasimu haijaenda kwa wasimamizi tuliomba nafasi kwenye mkutano wa kijiji. Kwa sheria ya serikali za mitaa mkutano huo unapaswa kufanyika angalau kila baada ya miezi mitatu, na kwa kweli ndilo jukwaa pekee ambalo mkulima, mvuvi, mwalimu na mtendaji wanakaa pamoja bila mtu kulipwa posho ya semina. Tulichora chati kwenye karatasi za manila, tukazibandika ukutani darasani. Nguzo ndefu maana yake utoro mwingi, nguzo fupi utoro kidogo, Januari mpaka Novemba. Mwanafunzi akaeleza kwa Kiswahili cha kawaida, akamaliza, akauliza kama kuna swali.

Mama mmoja anayeanika dagaa akasimama. Alitazama chati muda mrefu. Kisha akasema: "Mwalimu, hesabu zako umezipanga kwa mwezi wa kalenda. Sisi huku tunakula kwa mwezi wa mbinguni."

Asiyekaa mwambao huu anahitaji maelezo. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Mwanga huwavuta dagaa juu, wavu unawazoa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu mbele yake, dagaa wanatawanyika, kwa hiyo siku hizo za mbalamwezi wavuvi wengi hawaingii majini. Wanashona nyavu, wanarekebisha mitumbwi, wengine wanakwenda makwao. Mwezi ukififia, giza linaanza, na giza ndiyo fedha. Mitumbwi inaingia alfajiri, dagaa wanauzwa kwa ndoo, wanawake wanawatandaza mchangani, juu ya nyavu chakavu au kwenye chanja kabla jua halijapata nguvu. Dagaa hawasubiri mtu. Wakikosa jua la asubuhi hiyo wanaharibika, na mtaji wa mkopo umekwenda. Saa hizo kila mkono unahitajika, ukiwemo wa mtoto: kubeba ndoo, kutandaza, kufukuza ndege. Mtoto analipwa kopo la dagaa au sarafu kadhaa, na sarafu hizo ndizo zinazonunua daftari na sabuni.

Mwalimu mkuu alikwenda ofisini akarudi na daftari la mahudhurio. Mzee mmoja alituma kijana nyumbani kwake alete kalenda ya ukutani, zile zenye alama za mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Watu wakasogea kwenye dawati. Wakaanza kupitisha kidole, siku kwa siku, daftari upande huu, kalenda upande ule. Hata waliokaa nyuma walisikia ukimya ukibadilika. Siku za giza, msururu wa alama za kukosa. Mbalamwezi inaingia, darasa linajaa. Giza tena, darasa linapungua. Kwenye chati zetu mambo haya hayakuonekana, kwa sababu kila mwezi wa kalenda una giza lake na mbalamwezi yake, na ukijumlisha vyote unapata nguzo zinazokaribiana.

Ndipo darasa la saba mmoja, msichana aliyekuwa amesimama dirishani na wenzake, akaruhusiwa kusema. Alisema wengi wao humaliza kuanika mapema, wangeweza kufika shule saa nne. Lakini majina yameshaitwa asubuhi, umeshaandikwa mtoro, na ukija umechelewa unachapwa. Kwa hiyo wanaona heri kukaa nyumbani siku nzima, kesho waseme walikuwa wanaumwa.

Kwangu hilo lilikuwa zito kuliko hata habari ya mwezi. Daftari la mahudhurio lina aliyekuwepo na asiyekuwepo, basi. Mtoto aliye njiani halimjui. Utaratibu wetu wenyewe wa kuhesabu ulikuwa unageuza kuchelewa kwa saa mbili kuwa kukosa siku nzima, na tulikuwa tunauita mwamko mdogo.

Kilichofuata hakikuwa chepesi, na nisingependa mtu adhani kijiji kilikubaliana kwa nyimbo. Mwenyekiti wa kijiji alitaka faini ziendelee. Wazazi wa watoro hutozwa kwa sheria ndogo, na alikuwa na hofu ya kweli kwamba zikilegezwa hata wachache wanaokuja wataacha. Mama mwingine, mjumbe wa kamati ya shule, alisimama upande wa pili kabisa: akasema tukipanga shule ifuate dagaa tumehalalisha mtoto kufanya kazi, na wavulana leo wanabeba ndoo, kesho wako mtumbwini, hawarudi tena. Alikuwa na sheria upande wake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14 tu, na wengi mwaloni hawajafika umri huo. Mama wa kwanza akamjibu kwamba sheria haiji alfajiri kumsaidia kuanika.

Wote wawili wako sahihi, na utafiti peke yake hauna jibu la kuwapatanisha. Utafiti ulichofanya ni kuwapa jambo la kweli la kubishania, badala ya kulaumiana. Walichoafikiana siku ile na kwenye kikao cha kamati kilichofuata ni kwamba majina yaitwe mara mbili, asubuhi na tena baada ya mapumziko ya saa nne. Anayefika katikati aingie darasani bila fimbo. Na siku za giza vipindi vya hisabati na vya kusoma viwekwe baada ya mapumziko. Mwalimu mkuu alimjulisha afisa elimu kata. Wanawake wa kuanika nao waliahidi kwamba wadogo, wa madarasa ya chini, hawataitwa mwaloni kabisa. Hilo la mwisho ndilo linalovunjwa zaidi, na ndilo yule mjumbe wa kamati analifuatilia kwa miguu yake mwenyewe kila giza linapoingia.

Sitasema utoro umekwisha. Waliokuwa wakikosa siku nzima, wengi sasa wanakosa asubuhi. Kwa mtoto wa darasa la saba anayesubiri mtihani hiyo ni tofauti kubwa.

Tasnifu nayo ilibadilika. Sura ya matokeo iliandikwa upya, ikiwa na jedwali la giza na mbalamwezi, na mwanafunzi alieleza wazi kwamba uchambuzi ule ulitoka kwenye mkutano wa kijiji. Mtahini mmoja aliuliza kama hilo si kuwaacha wahojiwa waamue matokeo. Ni swali la haki na linastahili jibu la haki. Hawakuamua matokeo, daftari lilikuwa lile lile, alama ni zile zile. Waliamua swali gani liulizwe kwenye daftari hilo. Na anayeishi na jambo ana haki ya kufanya hivyo, tena mara nyingi ndiye anayeweza.

Sasa, kuna watu wanaodhani mawazo ya namna hii yameletwa juzi na wafadhili. Historia ya Mwanza inasema vingine, na inaniuma kwamba hatufundishi historia hiyo hata kwenye vyuo vyetu vya ualimu.

Baada ya mkutano wa mawaziri wa elimu uliofanyika Tehran mwaka 1965, UNESCO ilianzisha miradi ya majaribio ya kisomo katika nchi kadhaa. Wa Tanzania uliendeshwa mwaka 1968 hadi 1972 katika mikoa ya Ziwa: Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi, ambayo sasa ni Kagera. Makao yake makuu yalikuwa hapa Mwanza. Kiliitwa kisomo chenye manufaa, na wazo lake lilikuwa kwamba mtu mzima ajifunze kusoma kupitia kazi anayoifanya. Kwa hiyo kulikuwa na vitabu vya kusomea vya wakulima wa pamba, vya wakulima wa migomba, vya wavuvi. Ili kuviandika ilibidi kwanza mtu aende kujua pamba inalimwaje Kwimba na nyavu zinategwaje Ukerewe. Utafiti, ufundishaji na maisha ya watu vilikuwa kazi moja.

Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Ulipokwisha, Mwalimu Nyerere alizitaja wilaya sita zitakazofuta ujinga wa kusoma na kuandika kabla ya mwisho wa 1971: Dar es Salaam, Mafia, Masasi, Kilimanjaro, Pare, na Ukerewe yetu. Kampeni ya taifa zima ikafuata. Mtihani wa kisomo wa mwaka 1975 ulionyesha wasiojua kusoma ni asilimia 39. Kufikia 1986 takwimu za serikali ziliwaweka chini ya asilimia 10. Yapo ya kujadili kuhusu namna walivyopimwa na jinsi wengi walivyosahau baadaye kwa kukosa cha kusoma, lakini jambo moja halina ubishi: watu walihesabiwa, wakaambiwa hesabu yao, na hesabu hiyo ikawa mali ya kila kijiji.

Miaka hiyo hiyo Dar es Salaam kulikuwa na kundi la watafiti waliochoka kuandika kuhusu watu bila watu. Marja-Liisa Swantz, kutoka Finland, alikuwa akifanya kazi na wanafunzi wa chuo kikuu na wanavijiji wa pwani. Budd Hall, kutoka Amerika Kaskazini, alikuwa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Paulo Freire, mwanaelimu wa Brazil aliyetetea elimu ya kuwakomboa wanyonge, alifika Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1970 akazungumza nao. Kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza, kujadili na kuchimba vyoo, na ilionyesha kwamba maarifa yakijadiliwa kikundini hugeuka kuwa kazi ya mikono. Utafiti shirikishi, ambao leo unafundishwa Ulaya na Amerika Kaskazini na Kusini, una mizizi mirefu katika ardhi hii. Mwanafunzi wetu anausoma kwenye kitabu cha kigeni, hajui kwamba bibi yake wa Ukerewe huenda alikuwa darasani.

Mzunguko wa pili nao ulipita Mwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kituo cha Kuleana kilianzishwa hapa mjini kutetea haki za watoto, hasa waliokuwa wakiishi mitaani. Mmoja wa waasisi wake, Rakesh Rajani, baadaye alishiriki kuanzisha asasi ya kutetea elimu ya HakiElimu mwaka 2001, kisha asasi nyingine, Twaweza. Septemba 2005 Wizara ya Elimu iliizuia HakiElimu kufanya na kuchapisha tafiti kuhusu shule. Natamani kila anayesema utafiti wa elimu hauna nguvu ayakumbuke hayo: hakuna anayehangaika kuzuia karatasi isiyosomwa.

Kisha ikaja Uwezo, kazi ya kupima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu, iliyoanza mwaka 2009 katika Kenya, Uganda na Tanzania kwa kufuata mfano wa India. Wahojaji wa kujitolea walikwenda nyumba kwa nyumba, wakawapa watoto wa umri wa kwenda shule hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili waisome, na hesabu za kiwango hicho. Mzazi alikuwa amekaa pale pale, akisikia mwanawe akishindwa au akisoma, na aliambiwa matokeo siku ile ile. Nalipenda hilo kuliko yote. Maelfu ya watoto waliofika madarasa ya juu bila kusoma hadithi ya darasa la pili hawakuwa tena siri ya walimu.

Lakini sikilizeni na hili, wenzangu wanaharakati. Watafiti watatu, Lieberman, Posner na Tsai, walikwenda vijijini Kenya kuangalia kama wazazi walioambiwa matokeo ya watoto wao, wakapewa na mapendekezo ya nini wafanye, walichukua hatua zaidi ya wazazi wasioambiwa. Waliyoyachapisha mwaka 2014 hayakuwa habari njema: tofauti ya maana haikuonekana. Kwa maelezo yao, kati ya kujua na kutenda kuna ngazi nyingi. Lazima habari iwe mpya kwako, uone ni jukumu lako, ujue la kufanya, uamini litaleta mabadiliko, na uamini na wenzako watafanya. Ngazi moja ikikatika, karatasi inabaki karatasi.

Utafiti ule uliwaudhi baadhi ya watu. Mimi naona ni zawadi. Asasi isiyotaka kuambiwa kwamba njia yake haifanyi kazi haiwatetei watoto, inatetea njia yake. Na ukiangalia mkutano wa kisiwani utaona kwa nini mambo yalikwenda: hakuna aliyepewa habari peke yake nyumbani kwake. Walikuwa pamoja, na mwalimu mkuu mwenye mamlaka ya ratiba alikuwepo, na mwenyekiti wa faini alikuwepo, na wenye dagaa walikuwepo.

Takwimu bila watu zinaweza hata kuumiza. Mwaka 2013, chini ya mpango wake wa Matokeo Makubwa Sasa, serikali ilianza kuzipanga shule kwa ufaulu wa mtihani na kutangaza ya kwanza mpaka ya mwisho. Cilliers, Mbiti na Zeitlin walichunguza kilichotokea shule za msingi za mkiani. Ufaulu wao ulipanda kweli. Lakini waliofanya mtihani walipungua: njia mojawapo ya kupandisha asilimia ilikuwa wanafunzi dhaifu kutokufika kwenye chumba cha mtihani. Nambari ile ile iliyokusudiwa kuwatetea iliwasukuma nje. Nikisikia mtu anataka tubandike ubaoni orodha ya shule "zenye utoro" za wilaya fulani, nawaza kwanza kuhusu watoto hao.

Ndiyo maana tulipopata habari ya giza na mbalamwezi nilipinga vikali pendekezo la mwenzetu wa asasi moja, aliyetaka liandikwe tamko kwa vyombo vya habari kuhusu utumikishwaji wa watoto mwaloni. Hakuwa na nia mbaya. Lakini anayeijua mialo anajua tamko kama hilo huzaa nini: operesheni ya siku mbili, wanawake wanafukuzwa na ndoo zao, dagaa wanaoza, na operesheni ikiondoka watoto wanarudi kubeba, safari hii kwa siri. Tajiri mwenye mitumbwi haguswi. Ushahidi uliotolewa kwa imani kwenye mkutano haupaswi kuwa rungu la kumpiga aliyeutoa.

Kwa upande wa chuo nina madai yangu pia. Kisiwa chenye shule moja hakifichiki kwa kuandika "mwalimu mkuu wa Shule A". Kila mtu anamjua. Kwa hiyo matokeo lazima yafike kwake kabla hayajafika mkutanoni, si ili ayafute, bali asivamiwe mbele ya watu anaoishi nao. Nimeona walimu wakuu waliosoma rasimu usiku, asubuhi wakaja na maelezo ambayo yaliiboresha kazi kuliko msimamizi yeyote.

Na kuna fedha. Bajeti za utafiti zina nauli ya meli kwenda Nansio, posho ya wasaidizi, kuchapa dodoso, kufunga tasnifu. Nauli ya kurudi na matokeo haimo. Ratiba ya chuo nayo haiijui safari hiyo: ukishafaulu utetezi unajiandaa kwa mahafali. Hili linaweza kubadilishwa na watu wachache wenye kalamu. Msimamizi anaweza kukataa pendekezo la utafiti lisiloonyesha lini na wapi matokeo yatasomwa kwa waliohojiwa. Kamati ya maadili ya chuo inaweza kudai kurasa mbili za Kiswahili na muhtasari wa kikao cha kurudisha, wenye sahihi ya mtendaji, kabla cheti hakijatoka. Ofisi ya mkoa inayogonga mhuri wa kwanza inaweza kuandika sharti hilo hilo kwenye kibali. Hakuna hata moja kati ya haya linalosubiri mradi wa wafadhili.

Kule kisiwani kamati ya shule imeshahamia swali jingine, na safari hii wameliuliza wao. Ni watoto wa kambi. Wazazi wao hufuata dagaa kutoka kisiwa hadi kisiwa. Mtoto anaandikishwa huku, baada ya miezi michache kambi inahama, hana karatasi ya uhamisho, shule inamwandika mtoro mpaka jina lake linafutwa. Kule alikokwenda haandikishwi kwa sababu hana karatasi. Wazo la kamati ni kwamba kikundi cha usimamizi wa mwalo, BMU, kina orodha ya mitumbwi na wavuvi wake, na mtumbwi ukihama watu wa BMU ndio wanaojua kwanza. Wanataka orodha ile na daftari la mahudhurio vikae meza moja, na mwalimu mkuu awe na fomu za uhamisho tayari mtumbwi unapoaga.

Katibu wa BMU amekubali. Afisa elimu kata anataka kuona kwanza kama fomu zinaweza kutolewa kwa haraka hivyo kati ya wilaya na wilaya, maana kambi nyingine zinavuka kwenda Muleba na Bunda. Wanahitaji mtu wa kukaa nao mwaka mmoja, kuhesabu vizuri, na kusoma hesabu hizo kwenye mkutano wa kijiji kila baada ya miezi mitatu. Mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada aniandikie, nitamuunganisha na mwenyekiti wa kamati.